Mtu Haramu

Kila asubuhi wanaume wa kibarazani walinunua vitumbua vya Bi Mwanaidi, wakakaa kuitawala Marekani bure. Leo redio ilikuwa imesema kule wahamiaji wanakamatwa makazini na kurudishwa makwao, basi Shomvi, fundi viatu, akashika usukani.

"Wafukuzwe wote hao wahamiaji haramu! Huingii nyumbani kwa mwenzio bila hodi."

"Na vyombo atawaoshea nani?" akauliza Mzee Semboja. "Wewe?"

Wakacheka. Bi Mwanaidi hakucheka. Mwanawe Twalibu alikuwa huko huko Marekani, kwenye jiko la hoteli, na simu yake ilikuwa haipatikani tangu Ijumaa. Haramu, haramu, tangu kumekucha! Akautua upawa kwa kishindo.

"Hebu nikomeni, nyie wanaume! Nguruwe haramu. Pombe haramu. Mtu anakuwaje haramu? Mwanangu nimemzaa ndani ya ndoa, na wewe Shomvi pilau ya harusi yangu uliila, ukaomba na ukoko!"

"Da Mwanaidi, jamani, ni neno la redioni tu..." Shomvi akakisukumia kitumbua shavuni. "Kwani Twalibu... si alikwenda na karatasi zake?"

Ndipo Bi Mwanaidi alipotambua amesema nini. Kibaraza kizima kilikuwa kinamtazama. Akainamia kikaango, kijiti cha kugeuzia kikiwa hewani, na vitumbua vikaanza kuungua upande mmoja.