Wimbo wa Chiku Bila Maneno

Madaktari waliyaokoa maisha ya Chiku, lakini sauti yake hawakuiwahi. Siku ya kurekodi ilipofika alikwenda studio na bendi yake, akaketi pembeni kama mgeni.

"Tutafute mwimbaji mwingine?" fundi mitambo akauliza.

"Hapana," akajibu Shomari, mumewe, mpuliza saksafoni. "Maneno yake nitayapuliza mimi."

Gitaa la besi likatangulia, ngoma zikafuata polepole, kisha saksafoni ikaingia mahali pa sauti. Shomari alipuliza vizuri, ila kwa haraka, kama mtu anayetaka kuumaliza msiba upesi. Chiku akainua mkono, muziki ukakatika. Akamwendea mumewe, akakichukua kiganja chake na kukiweka kifuani pake, akavuta pumzi, akaishikilia, akaiachia taratibu.

"Kumbe kati ya maneno ulikuwa unasubiri," Shomari akanong'ona. "Miaka yote hiyo sikujua, mke wangu."

Wakarudia. Safari hii Chiku hakurudi kitini. Alisimama mbele ya maikrofoni aliyoizoea, macho ameyafumba, midomo ikicheza. Nyuma ya kioo, fundi alinyoosha mkono aizime maikrofoni ile, kisha akaisikia pumzi ya Chiku ndani ya wimbo, mkono ukabaki hewani.