Mnana Aliyesahau Mlango

Paliondokea Mnana, ndege fundi wa kusuka viota, aliyeona kupumzika ni aibu. Siku ya mchumba kuja kukagua nyumba, alisuka tangu alfajiri bila kuinua kichwa.

"Jirani," Kinyonga alimwita kutoka tawini, "pumzika kidogo uitazame kazi yako."

"Sina nafasi ya kusikiliza wavivu!"

Mchumba akafika, akakizunguka kiota weee. "Hodi! Mlango uko wapi?"

Mnana akapapasa huku na huku. "Mama yangu! Nimejisukia humu ndani!"

Kinyonga alicheka akageuka rangi zote. Mchumba akatoboa mlango kwa mdomo, mbavu zikimuuma kwa kicheko. "Nyumba nimeipenda, ila nilikuja kutafuta mume, siyo yai. Toka tucheze!"

Ndiyo maana mpaka leo mnana akisuka kidogo, huning'inia mlangoni akipiga mbawa na kuimba. Anafurahi, na anahakikisha mlango upo.