Sange Aliyepenya Mzingiro

Walikuwapo pimbi waliozingirwa na nguchiro katika jabali lao. Aliyewaletea chakula ni jirani yao Sange, mnyama mdogo mwenye mbio zisizoshikika. Kila asubuhi alipenya katikati ya walinzi na mzigo wa majani mdomoni, na pimbi wakamshangilia.

Nguchiro wakatuma neno: "Tupeni nusu ya jabali, vita viishe."

Mfalme wa pimbi akacheka. "Maadamu Sange anakimbia, hatutoi hata kokoto."

Mama mmoja wa pimbi, aliyekwishazika watoto wawili, akamshika Sange mkono. "Mwanangu, tafadhali usilete tena. Tukilala njaa siku mbili tu, mfalme atakubali amani."

"Mama, mimi sijawahi kushikwa," Sange akajibu, masikio yake yakiwa bado kwenye vigelegele. Akatoka mbio.

Nguchiro wakachoka kungoja, wakalivamia jabali. Sange aliporudi na mzigo wake, hakukuwa na mlinzi wa kumkwepa wala pimbi wa kumpokea. Yule mama alikuwa amelala mlangoni, amekufa. Sange akayaweka majani kando yake, akaketi, na hakujua tena akimbilie wapi.