Kura ya Mama Mutinda

Ndani ya kibanda cha kura, Syombua aliwapita kwenye kioo wagombea wa urais, ugavana na useneta bila kuwatazama. Alikuja kwa ajili ya kiti cha mwakilishi wadi, kwa kuwa mmoja wa wagombea alikuwa mwanawe.

Sheria haikubagua: ukichaguliwa, huna mama wala ndugu hadi muhula uishe, usije ukapendelea wako. Mutinda alikuwa amemaliza mihula miwili bila kukanyaga nyumbani. Mama yake alimwona hapa tu, kwenye kioo cha kura, ambapo kila mgombea alieleza kazi ya kiti anachokitaka.

"Mwakilishi wadi hajengi zahanati wala hachimbi visima," alisema Mutinda. Alikuwa amekonda, na mvi zimemwanza. "Hiyo ni kazi ya gavana. Mimi hutunga sheria za kaunti, na humbana gavana mpaka atimize. Ndivyo maji yalivyofika Kavumbu."

Ni kweli, yalifika. Syombua aliyachota kila asubuhi, akapika uji wa watu wawili, akanywa peke yake.

"Umekula, mwanangu?" alimuuliza.

"Mwakilishi wadi hajengi zahanati," kioo kikaanza upya.

Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akambonyeza mpinzani wake.

Nje, jirani yake Mbithe alimshika mikono yote miwili, akitabasamu. "Tulia, Mama Mutinda. Mwanao anarudi kitini. Kavumbu nzima hakuna nyumba hata moja iliyomnyima kura."