Kitenge cha Njano

"Kavuo, mwizi ameingia mu antena ya Vuhovi, anasikiliza simu za batu! Zima yote!" chef, mkubwa wake wa kazi, alipaza sauti kwa simu kutoka Butembo.

Yote? Na mudogo wake yuko maternité Beni, na uchungu tangu asubuhi! Atampigiaje simu?

Antena ile aliyoitunza ilikuwa na masanduku ya watengenezaji watatu: milango mingi kwa mwizi, lakini kila sanduku huzimwa peke yake. Kavuo alikuwa amefunga kipande cha kitenge cha rangi tofauti kwenye kila waya, kama kuku wafungwavyo mguuni wasichanganyike na wa jirani.

"Ameingilia sanduku gani, chef?"

"Ya pili."

Akachomoa waya wa pili, wenye kitenge cha njano. Mengine yakaendelea kuwaka.

"Ametoka! Bravo, mama!" Chef akakata.

Papo hapo simu ikalia: mudogo wake.

"Yaya, ni mapasa, basichana bawili! Bamefanana kabisa. Nitabatofautisha namna gani?"

Kavuo akacheka, akaanza kufungua kile kitenge.