Majibu ya Kapteni Nyanda

Kapteni Nyanda aliingia akiwa amenyoa upara. Hilaria, afisa lishe wa kituo binafsi cha afya mjini Bariadi, alimtazama mara mbili ndipo akamtambua. Alidhani ameanza kujiandaa kurudi kazini. Wazo hilo likamfanya aifunike kwa kiganja karatasi iliyokuwa mezani.

"Mwangaluka, Kapteni."

"Mwangaluka." Akakaa.

Hilaria alitupia macho mlangoni. "Leo mdogo wako umemwacha wapi?"

"Nimemwacha Lalago."

Haikuwa kawaida kumwona mmoja bila mwingine. Tangu Kapteni asimamishwe kurusha ndege kwa sababu ya lehemu, yale mafuta yanayoganda kwenye mishipa ya damu, na kurudi kwao kutibiwa, Salu ndiye aliyemleta kila mara kwa pikipiki. Ukiwaona kwa mbali hukujua yupi ni rubani na yupi ni mfugaji, mpaka Salu afungue kinywa.

"Dada yangu, mimi sielewi," alisema siku ya kwanza, akikaribia kiti bila kukaribishwa. "Angani mnaogopa mafuta yakipungua. Hapa mnaogopa yakizidi. Sasa huyu mtu afuate lipi?"

Hilaria alicheka, kisha akaeleza. Soseji za hotelini ziachwe. Mayai ya kukaanga yaachwe. Kula saa sita usiku na kwenda moja kwa moja kulala, hilo nalo liachwe. Kapteni ale ugali wa mtama, maharage, samaki wa kuchemsha, na nsansa, mboga ya majani makavu, isiyotiwa samli. Kwa kuwa kazi yake ni ya kukaa kitini, atembee. Ikiwezekana, alime.

Mwishoni aliuliza baba yao alifariki kwa ugonjwa gani.

"Hakuugua," Salu alidakia. "Alianguka tu zizini. Kwetu wanaume tunakufa tukiwa wazima kabisa."

Kapteni hakucheka. Alikuwa akiyaandika maagizo ya Hilaria neno kwa neno.

Aliyatii kama anavyowatii waongozaji wa ndege. Mwezi wa pili mkanda wake ulihitaji tundu jipya. Mwezi wa tatu alilitoboa jingine. Hata hivyo, kadiri siku ya kipimo cha mwisho ilivyokaribia, ndivyo alivyozidi kunyong'onyea.

"Nikishindwa safari hii hawanirudishi," alimwambia Hilaria. "Sina ng'ombe, dada, wala sina shamba. Nina leseni tu."

"Acha uoga, kaka," Salu alisema na kumpiga begani. "Damu yako na yangu ni moja. Na yangu haina neno."

Siku ya kipimo Hilaria alikuwa kwenye semina Maswa. Aliporudi, Kasmiri wa maabara alimsimamisha kwenye korido.

"Rubani wako alifika asubuhi na barua yake. Nimemtoa damu, nimempima na mapigo ya moyo. Lakini ile mikono, mama! Kumbe usukani wa ndege nao unaotesha sugu?"

"Nilimwambia alime," Hilaria alijibu, na siku nzima ikamwendea vizuri.

Sasa majibu yalikuwa mezani, chini ya kiganja chake. Kwa miaka mingi alikuwa amewapa watu habari mbaya, hata maneno yenyewe yakamkaukia kinywani. Aliyatoa kama mtu anayesoma tangazo la mnada.

"Kapteni, lehemu haikushuka. Imepanda."

Kapteni alitikisa kichwa polepole, kana kwamba ametajiwa bei ya nyanya.

"Si hiyo tu. Daktari wa moyo wa Mwanza ameusoma mchoro wa mapigo. Anasema sehemu ya moyo imeshaumia. Hukubanwa na kifua siku za karibuni?"

"Kiungulia," alisema. "Kilikuwa kiungulia."

"Hakikuwa kiungulia."

Hilaria alisubiri. Wengine hulia hapo. Wengine hubisha, hudai mashine ni mbovu, huomba wapimwe upya. Kapteni alitazama dirishani. Barabarani lori la pamba lilikuwa likipita, na aliliangalia mpaka mkia wake ukapotea.

"Karatasi hii lazima niitume leo kwa daktari wa marubani," Hilaria aliendelea. "Nikiituma, leseni yako imekwenda. Unalo la kusema kabla sijaituma?"

"Itume."

"Kapteni, umenielewa?"

"Nimekuelewa. Itume."

Utulivu ule ulimtisha Hilaria kuliko karatasi. Afadhali angepiga meza. Alizunguka, akachutama mbele yake, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akasikia sauti yake mwenyewe ikitetemeka.

"Basi tuache habari za leseni. Gari la wagonjwa lipo nje, dereva nimeshamwambia asiondoke. Twende Mwanza sasa hivi. Mwenye moyo huu hatakiwi hata kupanda ngazi. Anaweza kuanguka wakati wowote."

Kapteni Nyanda hakusimama. Aliichukua karatasi, akaisoma taratibu kutoka juu mpaka chini, akairudisha mezani na kuinyoosha pembe zake.

"Mwenye moyo huu alianguka Alhamisi, dada," alisema. "Tumemzika Salu jana."