Dozi ya Saa Moja

"Dakika zimekwisha, baba."

Fundi cherehani alisimama mlangoni, mkono ameunyoosha kama mwalimu anayedai karatasi za mtihani. Baba yake, dereva wa lori mstaafu, aliinua kidole kimoja bila kuinua macho.

"Namalizia hapa."

"Unamalizia nini?"

"Drafti. Kete moja tu."

"Hata jana ilikuwa kete moja." Akaichukua simu, akaifungia kwenye droo ya nyuzi, ufunguo akautia kifuani.

Mambo hayakuanza hivyo. Tangu mkewe afariki, miaka sita nyuma, mzee alikuwa hasemi mpaka asemeshwe. Shangazi aliwahi kutamka, "Mtafutieni mwenzake," na binti akamnunia miezi mitatu mizima. Mama alikuwa mmoja, basi. Kisha mwaka jana mzee akanunua simu ya kioo kikubwa, akahamia humo na mizigo yake yote. Akila, simu. Akiota jua, simu. Anacheka peke yake hadi meno ya bandia yanamcheza. Shingo iliyohimili miaka thelathini ya usukani ikaanza kupinda kama ndoana. Siku binti alipofungua ile sehemu ya simu inayohesabu muda, alikuta saa saba kwa siku.

"Saa saba! Watu wanaajiriwa kwa saa nane, baba!"

Ndipo akaongozana naye hadi zahanati ya mtaa wa pili, ambako mzee hupimwa presha kila mwezi. Muuguzi wa pale, mama wa makamo ambaye kila mtu alimwita Sista, alimfunga mkanda mkononi, akapampu, akatazama. Presha ilikuwa imepaa.

"Nyumbani nikimpima kwa kipimo chetu huwa haina neno," binti alilalamika. "Akifika hapa tu, inapanda."

"Wapo wa namna hiyo," alijibu Sista, macho yake kwenye kipimo.

Mzee akaambiwa akasubiri nje kwenye benchi. Binti akamwaga yote: shingo, usingizi wa mang'amung'amu, vicheko vya peke yake, saa saba. Sista akakohoa kidogo.

"Saa saba. Na hujamuuliza anaongea na nani?"

"Haongei, Sista. Anacheza drafti na watu asiowajua."

"Aa. Drafti." Sista aliandika kwa muda mrefu. "Sasa sikiliza, dada. Simu saa moja kwa siku, isizidi. Jioni atembee kwa muda wa saa moja na nusu. Na akutane na watu ana kwa ana. Binadamu hashibi kwa kutazama kioo."

"Nitakuwa namsindikiza."

"Hapana!" Sista alidakia, kisha akashusha sauti. "Mgonjwa akisindikizwa hudeka."

"Sawa, atakwenda mwenyewe."

"Na akipata rafiki huko anakotembea?"

"Apate hata kumi, Sista! Mradi wasiwe wa kwenye simu."

Wiki ya kwanza ilikuwa vita. Mzee alizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Aliomba nyongeza ya nusu saa, akanyimwa. Akadai kuna msiba kwenye ukoo na lazima atume salamu; binti akampigia shangazi, akaambiwa ukoo mzima uko hai na unakula. Wiki ya pili mzee akatoka kwenda kutembea, miguu anaiburuta kama mtu anayepelekwa kituoni. Ya tatu aliondoka dakika kumi kabla ya wakati, viatu vinang'aa. Kufikia mwezi wa pili alikuwa akirudi anapiga mluzi, shingo imenyooka, anakula na kuongeza, kisha analala kama gogo.

Binti naye akajisuta. Unawezaje kumbana baba wa watu na simu yako mwenyewe hujaitazama? Akaitazama: saa tano. Kimyakimya akaitia simu yake pia kwenye droo ya nyuzi wakati wa kazi. Sare za shule zilizokuwa zimemlalia mezani wiki mbili zikaisha kwa siku nne, na yale maumivu ya kichwa ya jioni yakamsahau. Tangu hapo kila mteja aliyekuja kupimwa nguo alisimuliwa habari za Sista, atake asitake.

"Yule mama ana mkono mwepesi," alisema, pini zimejaa mdomoni. "Amenirudishia baba yangu."

Jumapili moja asubuhi ikabishwa hodi. Alikuwa Sista, bila sare ya kazi, amevaa gauni lililopigwa pasi likakubali.

"Shikamoo, Sista! Karibu, karibu ndani!"

"Marahaba. Nimeshakaribia."

Furaha ikamjaa binti. Muuguzi gani siku hizi anamfuata mgonjwa hadi nyumbani? Akaburuta kiti, akapangusa meza, akasogeza pazia ili mwanga uingie. Akamwita baba yake. Mzee akatoka chumbani, ndevu amezinyoa, marashi yametangulia mbele yake.

"Kaa hapa, baba, kunja mkono wa shati," binti alihimiza. "Sista amekuja kukupima."

Mzee hakukaa. Alimtazama Sista, akatazama dari.

Sista akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena.

"Sikuja kupima presha, mwanangu," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza hakumwita dada. "Nimekuja kuposa. Mimi na baba yako tumeandikiana mwaka mzima, mpaka vidole vikaota sugu."